Kabla ya kuuza parsele: tuelewe sindano ya moto kwa uvimbe wa ini



Ukurasa huu wa afya ya jamaa unajibu maswali yanayotoka katika vikundi. Mara hii swali ni moja, lakini limetufikia kutoka vikundi vitatu. Mtu wa jamaa amepimwa, akaonekana na uvimbe katika ini. Mtoto aliye ng'ambo, ao rafiki aliyesoma habari kwenye simu, akasema kuna matibabu ambayo daktari anachoma uvimbe kwa sindano ya moto, bila kupasua tumbo, na mgonjwa anarudi nyumbani kisha siku moja ao mbili. Kikao cha jamaa kinaitwa, na neno la kwanza linalotajwa ni parsele. Tuuze, twende Kampala, twende Nairobi, twende India. Wamama wanatuuliza: matibabu hayo ni ya kweli, ao ni udanganyifu wa kula feza za watu?

Jibu fupi: ni ya kweli. Yanafanyika tangu zaidi ya miaka 30, na kuna watu wamepona kwayo. Lakini yanamfaa mgonjwa wa namna fulani, na mara nyingi mgonjwa huyo si yule ambaye kikao kimeitwa kwa ajili yake. Tunaomba msome mpaka mwisho. Katika jambo hili kuelewa nusu kunaweza kuacha watoto bila mzazi wao na bila nyumba.

Sindano hiyo inafanya nini

Madaktari wanaita kazi hiyo ablasio. Sindano ndefu na nyembamba inapita katika ngozi, chini ya mbavu ao katikati ya mbavu, mpaka ndani ya uvimbe. Ncha yake inaleta joto, na uvimbe unaiva pale pale ulipo. Hautolewi nje. Unakufa, na mwili wenyewe unaugeuza kuwa kovu pole pole, kwa miezi.

Kila mama anayepika anajua jambo hili. Yai bichi likiingia katika maji ya moto, ute unakuwa mweupe na mgumu, na hakuna namna ya kuurudisha kuwa maji tena. Chembe za mwili wetu ni vile vile. Joto letu la kawaida ni karibu digrii 37. Chembe zikifikishwa digrii 60, zinakufa karibu mara moja. Madaktari wanatafuta joto kati ya 60 na 100. Wakipita hapo, nyama inayozunguka sindano inakuwa makaa, na makaa yanazuia joto lisifike mbali. Ni kama ndizi iliyowekwa kwenye moto mkali: ganda limeungua, ndani ingali mbichi.

Kuna njia mbili kubwa za kuleta joto hilo. Ya kwanza ni radiofrekwensi. Huo ni umeme unaogeuka karibu mara 500,000 kwa sekunde moja, haraka sana hata misuli haishtuki. Mgonjwa anabandikwa vibandiko mapajani ili umeme upate njia ya kutokea. Mwaka wa 1891 mwanasayansi Mfaransa, Arsène d'Arsonval, alionyesha kwamba umeme wa namna hiyo unapita katika mwili bila kushtua misuli na kwamba unaleta joto. Karibu miaka mia ikapita. Mwaka wa 1990 makundi mawili ya watafiti, moja Italia na jingine Marekani, yalionyesha kwa wanyama kwamba sindano ya namna hiyo inaweza kuchoma sehemu ya ini. Miaka michache tu baadaye ikaanza kutumiwa kwa watu.

Njia ya pili ni mikroonde. Ni mawimbi ya jamii moja na yale ya jiko la umeme linalopasha chakula kwa dakika mbili, ila hapa yanatokea kwenye ncha ya sindano. Njia hii inaleta joto haraka zaidi na kwa nguvu zaidi.

Macho ya daktari ni picha

Kwa kuwa tumbo halifunguliwi, daktari anafuata sindano yake kwenye picha, ya ekografi ao ya skana. Ekografi ni ile ile ambayo wengi wetu tuliiona wakati wa mimba. Picha ni ya lazima, maana ini halikai peke yake. Juu yake kuna mapafu, chini yake kuna nyongo na utumbo, kando yake kuna figo. Sindano ikikosea njia kwa sentimetre moja, inaweza kuchoma kitu kingine.

Tena daktari hachomi uvimbe peke yake. Anachoma pia pindo la nyama nzima kuuzunguka, milimetre 5 mpaka 10. Mama anayemenya kiazi kilichooza upande mmoja hakati palipo peusi tu, anakata na sehemu nyeupe kidogo, sababu uozo umekwisha kutembea mahali ambapo jicho halioni. Kanseri nayo inafanya hivyo.

Mgonjwa anachomwa ganzi na kupewa dawa ya kumtuliza, ao analazwa usingizi kabisa. Kuchoma kwenyewe kunachukua mara nyingi dakika 10 mpaka 30. Analala hospitalini usiku mmoja ao mbili. Siku chache za kwanza anaweza kuwa na homa ndogo, maumivu na uchovu.

Hatari zipo: kuvuja damu, jipu ndani ya ini, kuungua kwa nyongo ao utumbo. Italia walihesabu wagonjwa 2,320 waliotibiwa kwa radiofrekwensi katika hospitali 41, wakatangaza hesabu hiyo mwaka wa 2003. Wagonjwa 6 walikufa kwa sababu ya matibabu, na wengine 50 walipata matatizo makubwa, yaani karibu 2 kwa kila 100. Kwa ugonjwa mzito kama huu, hatari hiyo ni ndogo. Lakini ni hesabu ya mahali ambapo daktari anafanya kazi hiyo kila juma.

Sentimetre 3

Kama mtakumbuka jambo moja katika ukurasa huu, liwe hili: matibabu ya sindano ya moto yanafanya kazi vizuri kwa uvimbe usiopita sentimetre 3. Chukueni kifuniko cha chupa ya soda. Upana wake ni karibu hapo.

Uvimbe ukiwa wa sentimetre 2 ao chini, sindano inaweza kuleta matokeo yanayokaribia ya kupasuliwa. Kwa hiyo madaktari wa dunia wanaihesabu kati ya matibabu yanayolenga kuponya kabisa, si kupunguza maumivu tu. Mpaka madonge matatu, kila moja lisipite sentimetre 3, bado inawezekana. Kupita hapo, matumaini yanapungua haraka. Sababu ni nyepesi kuelewa. Joto la sindano linaivisha duara ndogo. Donge likiwa kubwa kama chungwa, pembeni panabaki mbichi, na kilichobaki kibichi kinaota tena.

Kuna sababu nyingine, na hiyo ni damu. Ini limejaa mishipa. Uvimbe ukiwa kando ya mshipa wenye upana wa milimetre 3 ao zaidi, damu inayopita inabeba joto na kwenda nalo. Ni kama kujaribu kuchemsha sufuria ambayo maji baridi yanaingia upande mmoja na kutoka upande mwingine. Kuni zinaisha, na maji hayachemki.

Tena ni lazima sehemu ya ini iliyobaki iwe na nguvu. Watu wengi wenye kanseri ya ini wana pia siroze, yaani ini lililojaa makovu. Macho yakiwa ya njano sana na tumbo likiwa limejaa maji, kuchoma donge moja hakurudishi ini zima. Na kanseri ikiwa imekwisha kuingia katika mishipa mikubwa ya ini, ao kufika kwenye mapafu ao mifupa, sindano hiyo haiwezi kuifuata kote huko.

Kuna wagonjwa wengine ambao uvimbe wao wa ini ulitoka katika utumbo mpana. Nao wanaweza kusaidiwa ikiwa madonge ni madogo. Utafiti wa hospitali za Uholanzi, Ubelgiji na Italia, uliotangazwa mwaka wa 2025, ulilinganisha karibu wagonjwa 300 wa namna hiyo wenye madonge yasiyopita sentimetre 3. Waliochomwa kwa sindano hawakuishi muda mfupi kuliko waliopasuliwa, na matatizo ya matibabu yalikuwa machache kwao. Huko pia kipimo kilikuwa kile kile, sentimetre 3.

Uvimbe mdogo hauumi

Sasa tunafika kwenye fundo lenyewe. Ndani ya ini hakuna maumivu. Kinachouma ni ngozi nyembamba inayolifunika, ikivutwa na uvimbe uliokwisha kuwa mkubwa. Mtu mwenye donge la sentimetre 2 analima, anabeba mzigo, anakula vizuri, anacheka. Hana sababu ya kwenda hospitali. Siku atakapoanza kukonda, kuumwa upande wa kuume chini ya mbavu, macho kugeuka na tumbo kujaa, mara nyingi donge limekwisha kupita kipimo cha sindano.

Na kwetu huku, tumbo likijaa, wengi hawasemi ini. Wanasema karuho. Jina la jirani linatajwa, ao la mke mwenza, ao la mama mzee asiye na mtu wa kumtetea. Hatuchekeshwi na hofu hiyo, tumezaliwa ndani yake. Lakini miezi miwili ya kutafuta mwenye sumu na kunywa dawa za kutapisha ni miezi miwili ya uvimbe kukua. Na yule aliyefukuzwa katika mtaa kwa ajili ya ugonjwa wa ini, nani atamrudishia jina lake?

Mwaka wa 2017 madaktari walitangaza hesabu ya wagonjwa zaidi ya 2,500 wa kanseri ya ini, wa Misri na nchi nyingine za Afrika, pamoja na jirani zetu Uganda na Tanzania. Misri, wagonjwa 76 kwa 100 walipata matibabu fulani ya kanseri hiyo. Katika nchi zile nyingine, ni 3 tu kwa 100. Nusu ya wagonjwa wa Misri waliishi zaidi ya miezi 10 kisha ugonjwa kujulikana. Katika nchi nyingine, nusu walikuwa wamekwisha kufa kisha miezi miwili na nusu. Na umri wa katikati wa wagonjwa hao wa nchi nyingine ulikuwa miaka 46. Huo ni umri wa mzazi ambaye watoto wake wangali shuleni.

Tofauti hiyo haitokani na vyombo peke yake. Mgonjwa anayefika hospitali akiwa na donge kubwa na tumbo limejaa hana faida na sindano ya moto hata ikiwa katika chumba cha pili. Anayefaidika ni yule aliyetafutwa akiwa bado mzima.

Nani atafutwe?

Kwetu, mlango mkubwa wa kanseri ya ini ni hepatiti B, virusi vinavyokaa katika ini miaka mingi bila kelele. Shirika la Afya Duniani, OMS, lilihesabu watu milioni 254 wanaoishi navyo mwaka wa 2022. Virusi hivyo vinapita kwa damu, kwa tendo la ndoa, na zaidi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaa, ao kati ya watoto wadogo wanaocheza pamoja wakiwa na vidonda. Havipiti kwa sahani moja, kwa kushikana mikono, wala kwa kulala chini ya chandarua kimoja. Mama mwenye hepatiti B anaweza kunyonyesha.

Tusimame hapa kidogo, sababu kuna wamama wanaoteswa. Mtoto mchanga akipata virusi hivyo, mara 9 kwa 10 vinabaki naye maisha yote. Mtu mzima akivipata, mwili wake mara nyingi unavishinda, na hata watu 5 kwa 100 hawabaki navyo. Kwa hiyo mama anayeambiwa katika CPN kwamba ana hepatiti B, mara nyingi amekuwa navyo tangu utoto wake, kabla ya kumjua mume wake. Karatasi hiyo si ushuhuda wa uzinzi. Mume anayemfukuza mke kwa ajili yake anafukuza mtu asiye na kosa, na pengine yeye mwenyewe hajapimwa.

Kipimo cha kwanza kinaomba tone la damu la kidole. Anayepatikana navyo hajahukumiwa kufa. Wengi wanaishi mpaka uzee. Daktari anaangalia hali ya ini, na wengine anawaanzisha dawa, kama tenofovir, inayotuliza virusi na kupunguza hatari ya kanseri. Kisha, kwa mwenye siroze, ao aliye na ndugu aliyekufa kwa kanseri ya ini, ao ambaye daktari ameona yuko hatarini, inafaa ekografi ya tumbo kila miezi 6.

Kwa nini miezi 6? Sababu donge ambalo leo halionekani linaweza kuonekana kisha miezi 6, na mara nyingi litakuwa bado dogo. Ukiacha miaka miwili ipite, utalikuta mbele yako kubwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ekografi mbili kwa mwaka ni gharama ambayo likelemba inaweza kubeba. Ukuta unaomba parsele.

Na watoto wetu wasifike huko kabisa. Chanjo ya hepatiti B iko ndani ya ile sindano wanayopewa wakiwa na majuma 6, 10 na 14. Tusiruke hata moja. OMS inashauri pia chanjo moja ndani ya masaa 24 kisha kuzaliwa. Mwulizeni mkunga wenu mapema, kabla ya siku ya kujifungua, kama inapatikana. Taiwan walianza kuchanja watoto wachanga mwaka wa 1984. Ndani ya miaka kumi, kanseri ya ini kati ya watoto wa miaka 6 mpaka 14 ilikuwa imeshuka karibu kwa nusu. Hakuna sindano ya moto iliyokwisha kufanya kazi kama hiyo.

Tena tuangalie magunia yetu. Karanga na mahindi yaliyoota ukungu yana sumu inayoitwa aflatoksini, na kupika hakuiondoi. Utafiti uliofanywa Shanghai, Uchina, ulionyesha kwamba mtu mwenye hepatiti B anayekula pia sumu hiyo ana hatari ya kanseri ya ini karibu mara 60 kuliko asiye na vyote viwili. Karanga zilizokunjamana ao zenye rangi ya kijani tusizisage eti kwa sababu hazitaonekana katika sombe. Na mwenye ugonjwa wa ini aachane na pombe, kasiksi pamoja na kanyanga.

Maswali ya kikao cha jamaa

Tukirudi kwenye kikao na parsele. Hatusemi msisafiri. Tunasema maswali haya yajibiwe kwanza, na majibu yaandikwe kwenye karatasi:

1. Uvimbe huo ni kitu gani? Si kila uvimbe wa ini ni kanseri. Kuna jipu linaloletwa na amiba, ambalo linaponywa kwa dawa za hapa hapa. Kuna pia madonge ya mishipa ya damu yasiyomdhuru mtu. Msiuze kitu kabla ya kujua jina la ugonjwa.

2. Ni madonge mangapi, na kila moja ni sentimetre ngapi? Namba hizo zinaandikwa kwenye karatasi ya ekografi ao skana. Mna haki ya kusomewa.

3. Ugonjwa umeingia katika mishipa mikubwa ya ini, ao umetoka nje ya ini?

4. Sehemu ya ini iliyobaki ina nguvu gani? Kuna maji tumboni? Macho ni ya njano? Mgonjwa anatembea na kujioshea mwenyewe?

5. Picha zinaweza kutumwa kwanza? Skana inawekwa kwenye CD ao kutumwa kwa simu. Daktari wa huko anaweza kuangalia na kusema ndiyo ao hapana kabla hamjalipa tiketi. Anayesema "njooni kwanza, tutaona huku" bila kuangalia picha, mumwogope.

6. Bei yote ni ngapi? Si ya sindano peke yake. Mgonjwa anatakiwa kurudi kwenye skana kisha mwezi mmoja hivi, halafu kila miezi michache, maana uvimbe unaweza kuota tena pale pale ao mahali pengine, na pengine kuchomwa mara ya pili. Jamaa ina feza za safari ya pili?

7. Kama matibabu hayo hayawezekani, ni nini kinawezekana?

Swali la saba ndilo gumu, na mara nyingi hakuna anayelithubutu. Tumeona jamaa zikiuza parsele kwa mgonjwa mwenye donge la sentimetre 12 na tumbo la maji, wakamfikisha ng'ambo, wakaambiwa kwa dakika kumi kwamba hakuna sindano kwa ajili yake, na wakarudi na maiti ao hawakuweza hata kuirudisha. Daktari wa huko hakukosea. Jibu lilikuwa katika picha waliyokuwa nayo mkononi tangu nyumbani.

Kutosafiri hakumaanishi kumtupa mgonjwa. Hospitali inaweza kumtoa maji tumboni ili apumue. Kuna dawa za maumivu, na maumivu yakizidi kuna morfini. Ombeni daktari aziandike bila haya. Kuna chakula kidogo kidogo anachopenda, kitanda kisafi, wajukuu karibu, pasta ao padri, na nafasi ya kusema maneno yake ya mwisho katika lugha yake, ndani ya nyumba yake. Nyumba ambayo kesho watoto watalala ndani. Jamaa inayochagua hivyo kisha kuuliza maswali yote haikumpenda mgonjwa kidogo. Na anayesema "hamkupigana kwa ajili yake", mumsomee majibu yaliyo kwenye karatasi.

Na ikiwa majibu ni mazuri, donge moja la sentimetre 2, ini lina nguvu, daktari wa huko ameangalia picha na kusema aje, basi msikawie. Hapo parsele inaweza kununua miaka. Pigeni hesabu, pigeni simu, mwende.

Kazi ya juma hili

Tunaomba kila kikundi kifanye mambo matatu. Kwanza, kila mama aulize katika kituo chake cha afya kama kipimo cha hepatiti B kipo na bei yake ni ngapi, alete jibu kikaoni. Pili, angalieni karatasi za chanjo za watoto wote walio chini ya mwaka mmoja. Tatu, zungumzeni juu ya kuweka kisanduku kidogo kando ya likelemba, kwa ajili ya ekografi za wale walio na hepatiti B. Majina yao yasitangazwe. Mweka hazina mmoja anayejua kufunga mdomo anatosha.

Juma lijalo, katika ukurasa huu, tutaongea juu ya namna ya kukausha na kuweka karanga wakati wa mvua ili zisiote ukungu. Wenye njia nzuri wanazotumia nyumbani watuletee, tutaziandika.

Mubaki na amani.

Kamati ya afya ya jamaa